Mwiba, Msasa na Kisu

Kila lugha ina ghala yake ya maneno ya kusifu na kulaumu, na katika kila ghala kuna pembe iliyotengwa kwa ajili ya watu wa hasira. Ukiingia katika ghala ya Kiingereza na kuitafuta pembe hiyo, utastaajabu, msomaji, kuona kwamba maneno mengi yaliyomo hayakuanza kuwa maneno ya watu. Yalianza kuwa maneno ya ngozi na vidole. Yalisema habari za vitu vinavyochoma, vinavyokwaruza, vinavyokata na vinavyoparuza. Kisha, kadiri miaka ilivyopita, yakahama kutoka kwenye vitu yakawaangukia wanadamu.

Mmea wenye miiba huitwa 'prickly', na mtu anayechukizwa na neno dogo huitwa hivyo hivyo. Kitu kinachosugua hata kikala uso wa kitu kingine huitwa 'abrasive', na mtu ambaye usemi wake huwaudhi wenziwe hupewa jina hilo. Mkate wenye gome gumu huitwa 'crusty', na mzee anayejibu salamu kwa kunung'unika huitwa vile vile. Wembe ni 'sharp', na ulimi nao ni 'sharp'. Kitambaa kinachowasha mwili ni 'harsh', na sauti ya bwana asiye na huruma ni 'harsh'. Ni kana kwamba Waingereza walipotaka kueleza tabia ya mtu mwenye hasira waliuliza kwanza: Je, ukimgusa utaumia vipi?

Swali hilo ni zuri, na ndilo nitakalolishika katika insha hii. Nataka tuyapime maneno haya, tuone yanatenda kazi gani katika vitabu unavyovisoma darasani, na yanamtendea haki au dhuluma nani. Maana neno la sifa ni hukumu ndogo. Anayelitamka amekwisha kukaa katika kiti cha kadhi, ingawa hajui.

Tuanze na jambo ambalo kila mwalimu wa tafsiri amepata kuliona. Mwanafunzi anapokutana na maneno hayo yote, 'prickly', 'abrasive', 'cutting', 'harsh', 'crusty' na ndugu zao, aghalabu huyafasiri kwa neno moja: mkali. Hapana shaka neno hilo ni hodari. Kisu ni kikali, mbwa ni mkali, jua ni kali, siki ni kali, dawa ni kali, na mwalimu ni mkali. Siku hizi hata mchezaji wa mpira anayewashinda wenziwe huitwa mkali, na hapo neno limekuwa sifa njema kabisa. Lakini neno linalofanya kazi nyingi hivyo halina budi kuchoka. Ukiandika katika insha yako kwamba shangazi yako ni mkali, msomaji hajui kama anapiga watoto, au anasimamia nyumba yake kwa utaratibu, au ana akili ya kukata mashauri, au huchukia haraka kisha akasahau. Umemwonyesha msomaji kwamba kuna maumivu, lakini hukumwonyesha jeraha.

Tazama sasa tofauti zilizofichika chini ya neno hilo moja. Mwiba haumfuati mtu. Unakaa katika tawi lake, na anayechomwa ni yule aliyekaribia. Kwa hiyo mtu aitwaye 'prickly' si mchokozi. Ni mtu anayejilinda. Huona tusi mahali pasipo tusi, na ukimsogelea kwa neno la mzaha hugeuka kama nungunungu na kukuelekezea miiba yake. Aghalabu mtu wa namna hiyo amepata kuumizwa zamani.

Msasa, kwa upande wake, hauna kazi mpaka utembee. Mtu aitwaye 'abrasive' huwaendea watu na kuwasugua. Huenda hana hasira yoyote moyoni, na huenda hata hajui kwamba anaumiza. Ndiyo tabia yake tu kusema kila jambo kwa ukavu na kupita juu ya watu kama mbao. Mwiba huwa na hasira na msasa hauna, lakini wote wawili huacha ngozi nyekundu.

Kisu ni namna ya tatu. Hakisugui wala hakijilindi. Hukata mara moja, mahali palipokusudiwa, na huingia ndani. Maneno ambayo Mwingereza huyaita 'cutting' huhitaji akili na nia. Mpumbavu aweza kuwa msasa, lakini hawezi kuwa kisu kizuri.

Namna ya nne ni gome. Mtu aitwaye 'crusty' ana ugumu wa nje tu. Sisi tungemfananisha na fenesi, ambalo ganda lake limejaa vijiba vinavyokwaruza viganja vya anayelibeba, na ndani yake mna utamu. Neno hili, msomaji, ni la lawama yenye mapenzi. Hakuna amwitaye adui yake fenesi.

Unaona, basi, kwamba mtu akifasiri maneno haya manne kwa neno moja amewafanya watu wanne kuwa mtu mmoja. Mwenye woga, mwenye ukavu, mwenye kusudi na mwenye huruma iliyofichika wamevalishwa kanzu moja.

Wengine husema kwamba kosa ni la Kiswahili, kwamba lugha yetu ni maskini wa maneno ya sifa. Siafikiani nao. Kweli maneno yetu ya sifa hasa si mengi, lakini Kiswahili huweka utajiri wake mahali pengine, yaani katika vitendo. Kukwaruza si kuparura, kuparura si kuchoma, kuchoma si kukata, na kukata si kukereketa. Na vitendo hivi navyo vimehama kutoka kwenye ngozi hadi kwenye tabia, kama vile yalivyohama maneno ya Kiingereza. Watu wawili wakigombana kidogo twasema wamekwaruzana. Usemi usiopendeza masikioni twasema una ukakasi, nao ukakasi ni ile hali ya ulimi wa mtu aliyetafuna ndizi mbichi. Twasema makali ya wembe, kisha twasema makali ya njaa. Na neno harara lina maana ya joto la mwili, na ya vipele vidogo vinavyowasha wakati wa joto, na tena ya wepesi wa kughadhibika. Mtu wa harara, basi, ni mtu ambaye hasira imemtoka kama vipele. Wala neno hilo halihitaji msaada wa lugha nyingine.

Lakini mfano ulionivutia kuliko yote ni wa mti. Katika pwani yetu na sehemu nyingine nyingi za Afrika huota mti uitwao msasa. Majani yake ni ya kukwaruza sana, na mafundi wa zamani waliyatumia kusugulia mbao. Kutokana na mti huo tulipata jina la karatasi ya fundi seremala, na kutokana na karatasi hiyo twasema kuipiga msasa insha, yaani kuisafisha mpaka ing'ae. Wataalamu wa mimea wanao mti huo huo katika vitabu vyao kwa jina la Kilatini la Ficus exasperata. Neno hilo la pili lina maana ya kilichotiwa ukwaruzaji, na linatoka katika shina moja na neno la Kiingereza 'exasperate', yaani kumchokoza mtu hata uvumilivu ukamwishia. Tafakari, msomaji. Jani ni moja. Aliyelipa jina la Kilatini alitazama lilivyo likiguswa, na kutoka shina la jina hilo Mwingereza alipata neno la kughadhibisha. Fundi wa Kiswahili alitazama jani linafanya nini likishikwa na mkono unaojua kazi, akapata neno la kutengeneza. Hakuna aliyesema uongo. Ukwaruzaji ule ule huudhi ngozi na hulainisha ubao.

Ndiyo sababu nasema kwamba neno la sifa hueleza mambo mawili pamoja: kitu kinachogusa, na ngozi inayoguswa. Anayesema, Fulani ni mkali, amesema habari za Fulani, na amesema pia habari za maumivu yake mwenyewe. Msomaji mwenye busara hukumbuka kuuliza: Ngozi hii ni ya nani?

Tulichukue swali hilo tuingie nalo katika vitabu. Charles Dickens aliandika hadithi iitwayo Great Expectations, iliyotoka kwa sehemu katika gazeti lake mwaka 1860 na 1861. Msimuliaji wake ni Pip, mtoto yatima anayelelewa na dada yake, ambaye amempita umri kwa zaidi ya miaka ishirini. Dada huyo anajulikana kwa jina la mumewe, Bibi Joe. Ni mwanamke wa hasira, mwenye mkono mwepesi wa kupiga. Lakini angalia ustadi wa Dickens. Badala ya kutuambia mara kumi kwamba mwanamke huyu ana miiba, amemvika miiba. Kifuani pa aproni yake pamechomekwa pini na sindano tele, hata asiweze kukumbatiwa. Anapokata mkate na kuubana kifuani, pini au sindano huingia katika mkate, na kutoka katika mkate huingia vinywani. Ngozi yake ni nyekundu hata Pip hushangaa kama haoshi uso kwa kifaa cha kukunia kungumanga mahali pa sabuni.

Hakuna neno la sifa linaloweza kushinda pini katika mkate. Humo mna tabia nzima: mkono unaolisha ndio unaochoma, na chakula na maumivu vimetoka kifua kimoja. Mwanafunzi anayetaka kujifunza kuandika na atazame hapo, aone namna mwandishi mkubwa anavyolirudisha neno la tabia katika asili yake, kwenye vitu vinavyogusika.

Hata hivyo mhakiki hapaswi kusifu na kuondoka. Tumeuliza ngozi ni ya nani, na jibu ni wazi: ni ya Pip. Hadithi nzima inasimuliwa na mtoto aliyechomwa. Wazazi wa nyumba hiyo wamekufa, na ndugu wadogo watano wa Pip wamezikwa kando yao. Mwanamke huyu amebaki na mtoto mchanga wa kulea ambaye hakumzaa. Dickens ametupa habari hizo katika kurasa za mwanzo, lakini hajatuonyesha hata mara moja miiba hiyo iliota lini. Tumeona mwiba, hatukuona udongo.

Katika hadithi hiyo hiyo yumo mwanasheria Jaggers. Mtu huyu ni kisu. Huwaelekezea watu kidole chake kikubwa, hung'ata kidole hicho, huwahoji mashahidi hata wakatetemeka, na wateja wake humwogopa. Lakini yeye huosha mikono kwa sabuni yenye manukato, na ukali wake ndio unaompa heshima na mali. Mwanamke mkali wa jikoni ana ngozi iliyokunwa. Mwanamume mkali wa mahakamani ananukia. Na mwisho wao? Jaggers anabaki na ukali wake salama. Bibi Joe anapigwa kichwani kwa pingu ya chuma ya mfungwa, na anapopata nafuu hawezi tena kusema sawasawa. Hapo ndipo Pip anapotuambia kwamba tabia yake imekuwa njema na amekuwa mvumilivu. Mimi naona hapa pana ukatili ambao utamu wa hadithi umeufunika. Mwandishi ameondoa miiba kwa kuondoa ulimi, kisha akatuonyesha kimya hicho kana kwamba ni wema.

Huenda ukadhani kwamba nimemwonea Dickens. Basi turudi nyuma hadi miaka ya 1590, tutazame mchezo wa Shakespeare uitwao The Taming of the Shrew. Katherine, binti mkubwa wa tajiri wa Padua, amepewa na mji mzima jina la mwanamke mgomvi. Hakusingiziwa: anamfunga mdogo wake mikono na kumpiga, na anamvunjia mwalimu wake wa muziki kinanda kichwani. Yeye na mchumba wake wanapoonana mara ya kwanza wanarushiana maneno juu ya nyigu na mahali ulipo mwiba wake. Lakini mchumba huyo, Petruchio, ana tabia gani? Tunapomwona kwa mara ya kwanza anamvuta mtumishi wake masikio. Siku ya harusi, kwa habari tunayopewa, anampiga kasisi kanisani. Baada ya harusi anamnyima mkewe chakula na usingizi mpaka anyenyekee. Ukiweka matendo yao katika mizani, sahani ya Petruchio ndiyo itakayoshuka. Hata hivyo jina la mchezo limemwangukia Katherine, na yeye ndiye anayesimama mwishoni kutoa hotuba ndefu ya utii.

Wataalamu wanabishana hata leo kama hotuba hiyo ni ya moyo au ya dhihaka, na waigizaji huitoa kwa namna zote mbili. Mimi sitaki kuumaliza ubishi huo. Nataka uone tu kwamba jina la ukali halikugawanywa kwa haki. Tendo lile lile likitendwa na mwenye nguvu huitwa uthabiti, na likitendwa na mnyonge huitwa ukorofi. Na neno lenyewe lina historia ya kuchekesha: kutokana na 'shrew' lilitoka neno 'shrewd', ambalo zamani lilikuwa na maana ya ubaya na ukali, na leo ni sifa ya mfanyabiashara au mwanasiasa mwerevu. Neno la lawama limepata cheo, lakini wanawake walioitwa hivyo hawakupata.

Waandishi wetu nao wana njia yao. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze ya mwaka 1952, aliwaita ndugu wawili waovu Hasidi na Mwivu. Hakuweka pini katika aproni zao. Aliweka tabia katika jina, na msomaji huijua kabla mtu hajatenda lolote. Njia hii ni nyofu, nayo yafaa kwa hadithi ya maadili, maana haijifichi kuwa ni hukumu. Lakini yafunga mlango mmoja. Mtu aitwaye Mwivu hawezi kutushangaza kwa ukarimu. Njia ya Dickens huacha mlango huo wazi kidogo, kwa kuwa pini yaweza kutolewa. Na ndiyo maana namlaumu zaidi kwa kutoupita.

Sasa, msomaji, wewe unayeandika insha na kufasiri habari, ufanye nini na maneno haya? Kwanza, unapokutana na neno la Kiingereza la mtu mwenye hasira, litafutie kitu chake kabla ya kulitafutia fasiri. Uliza kama ni mwiba, ni msasa, ni kisu au ni gome. Ukikipata kitu, tendo la Kiswahili litakuja lenyewe. Mtu aliye 'prickly' utasema ni mwepesi wa kuona ametukanwa. Aliye 'abrasive' utasema maneno yake hukwaruza. Aliye 'crusty' utasema ana ganda gumu na moyo laini. Usiogope kutumia maneno manne mahali pa moja. Tafsiri si biashara ya kubadilishana sarafu moja kwa moja.

Pili, uliza ngozi ni ya nani. Ukiandika juu ya mwalimu mkali, kumbuka kwamba mwanafunzi mvivu na mwanafunzi mwenye bidii hawamgusi mahali pamoja. Wahenga walisema kwamba maneno makali hayavunji mfupa, na kwa usemi huo walitaka mtoto avumilie kuonywa. Wakasema pia kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na kwa usemi huo walitaka mkubwa achunge anayoyasema. Usemi wa kwanza ni wa anayeguswa, wa pili ni wa anayegusa. Anayeshika mmoja na kuuacha mwingine ameshika nusu ya hekima.

Tatu, usidhani kwamba ukali wote ni ubaya. Twasema kuwa mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Hata neno la Kiingereza 'temper', ambalo leo laleta akilini hasira, linatoka katika neno la Kilatini lenye maana ya kuchanganya kwa kadiri, na mhunzi wa Kiingereza hulitumia kwa chuma kilichopashwa moto na kupozwa kwa kipimo ili kisiwe laini mno wala kisivunjike. Kwa hiyo Mwingereza anaposema kwamba mtu amepoteza 'temper' yake hasemi kwamba amepata hasira. Anasema kwamba amepoteza kipimo.

Kipimo hicho ndicho ninachokutakia katika kuandika. Kabla hujamwita mtu mkali, hakikisha kwamba umekiona kinachokata, umemwona aliyekatwa, na umeuliza ni nani aliyekinoa kisu. Ukifanya hivyo, neno lako litakuwa kama jani la msasa katika mkono wa fundi: litakwaruza kweli, lakini litakapopita ubao utaonekana ulivyo.